Mtakatifu Ludoviko, Mfalme Aliyewakataza Wakubwa Kupokea Zawadi



Kila mwaka, siku ya 25 ya mwezi wa Agosti, Kanisa hufanya ukumbusho wa Mtakatifu Ludoviko, mfalme wa Ufaransa. Wafaransa humwita Louis, na kwa kuwa wafalme wao wengi waliitwa jina hilo, wao humhesabu kuwa wa tisa. Watakatifu wengi mnaosikia habari zao walikuwa mapadri, watawa, mabikira ama mashahidi waliouawa kwa ajili ya dini. Huyu alikuwa mtu wa ndoa, baba wa watoto kumi na mmoja, tena mtu wa serikali. Alikusanya kodi, aliongoza majeshi, alikata mashauri, aliwaweka wakubwa na kuwaondoa. Watu wengi husema kazi za namna hiyo haziwezi kufanywa kwa mikono safi. Basi tutaeleza jinsi yeye alivyozifanya, wala hatutaficha pale alipokosa.

Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1214, na akabatizwa katika mji mdogo wa Poissy, usio mbali na Paris. Yasimuliwa kwamba, hata alipokwisha kuwa mfalme, alipenda kujiita Ludoviko wa Poissy. Rafiki zake walistaajabu, maana wafalme wa Ufaransa walipakwa mafuta na kuvikwa taji katika kanisa kuu la Reims, nao waliona fahari kubwa kwa mji ule. Yeye aliwajibu ya kuwa Reims alipewa ufalme utakaokwisha siku ya kufa kwake, bali Poissy alifanywa mwana wa Mungu. Ninyi mnaohesabu miezi iliyobaki mpaka siku ya ubatizo wenu mtafahamu maneno hayo upesi kuliko sisi tuliobatizwa tungali wachanga.

Baba yake, Ludoviko wa nane, alifariki mwezi wa Novemba 1226. Mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili tu, akavikwa taji mwezi ule ule. Mama yake, malkia Blanche, mzaliwa wa Hispania, akashika madaraka kwa ajili yake. Wakubwa wengi wa nchi walifikiri ya kwamba mwanamke mgeni na mtoto mdogo hawatawaweza, wakafanya uasi. Mama yule akawashinda mmoja mmoja, kwa akili na kwa nguvu. Lakini ndani ya nyumba alikuwa mama Mkristu. Alimwambia mwanawe mara nyingi kwamba ampenda kupita viumbe vyote, walakini afadhali amwone amekufa miguuni pake kuliko kumwona ametenda dhambi ya mauti hata moja. Neno hilo ni kali, na pengine mama wa siku hizi hangelisema. Mtoto hakulisahau maisha yake yote. Mwaka 1234 alimwoa Marguerite, binti wa mkuu wa Provence, wakaishi pamoja miaka thelathini na sita mpaka kufa kwake.

Sasa yafaa mjue jinsi nchi ile ilivyotawaliwa siku zile. Mfalme mwenyewe hakuweza kuwa kila mahali. Katika kila wilaya aliweka mkubwa wa kushika mahali pake, na Wafaransa walimwita bailli. Chini yake walikuwamo wakubwa wadogo, makarani na askari. Hao ndio waliotoza kodi, waliokamata wahalifu, waliotoza faini na kuamua mashauri ya mipaka ya mashamba. Mwanakijiji hakumwona mfalme hata siku moja maishani mwake, ila alimwona askari kila siku ya soko. Kwake yeye, askari huyo ndiye aliyekuwa serikali. Akiwa mwema, mfalme alisifiwa. Akiwa mnyang'anyi, watu walinung'unika chinichini juu ya mfalme, naye mfalme hakusikia kitu.

Mwezi wa Desemba 1244 Ludoviko aliugua sana, hata wale waliomwuguza walidhani amekwisha kufa. Alipopata nafuu aliweka nadhiri ya kwenda vitani katika Nchi Takatifu. Ndipo akaanza kujitayarisha, si kwa meli na silaha tu. Aliwaza moyoni: mimi nakwenda kumtumikia Mungu, na huku nyuma yangu kuna mali iliyoporwa kwa jina langu, je, nitasimama mbele yake na mali hiyo? Basi mwaka 1247 akafanya jambo ambalo wafalme wa Ufaransa waliomtangulia hawakulifanya. Alituma wachunguzi katika nchi yake yote, wapite wilaya kwa wilaya, wawaite watu, na kuwauliza ni ubaya gani waliotendewa na wakubwa wa mfalme, au na mfalme mwenyewe, au na wazee wake waliomtangulia.

Wachunguzi hao aliwachagua hasa miongoni mwa watawa wa Mtakatifu Fransisko na wa Mtakatifu Dominiko. Angalieni akili yake. Watawa wale walikuwa wameweka nadhiri ya ufukara. Hawakuwa na shamba la kuongeza wala watoto wa kuwatafutia kazi, na watu wa kijiji waliwaamini kwa sababu waliwazoea kuwaona wakitembea kwa miguu na kuomba chakula. Watawa waliketi, watu wakaja: wakulima, wajane, wafanya biashara, hata maskini hohehahe. Mmoja alisema ng'ombe wake alichukuliwa, mwingine shamba lake, mwingine alitozwa faini pasipo hukumu, mwingine alitiwa kifungoni mpaka alipotoa fedha. Makarani wakaandika yote. Nyingine za karatasi hizo zingalipo Ufaransa hata leo, na wataalamu huzisoma, hata sisi twajua manung'uniko ya wanakijiji waliokufa zaidi ya miaka mia saba iliyopita.

Habari zilipomfikia mfalme, hakuzifungia sandukuni. Wakubwa wengi wa wilaya waliondolewa au kuhamishwa, na watu wengi wakarudishiwa mali yao. Nataka mlitafakari hilo kidogo. Katika mafundisho mmesikia kwamba mwizi akitubu hana budi kurudisha alichoiba, la sivyo toba yake ni ya mdomo. Wengi wanafikiri amri hiyo ni ya mwizi wa kuku. Ludoviko alifahamu ya kuwa serikali nayo yaweza kuiba, na ya kuwa serikali iliyoiba nayo lazima irudishe.

Mwezi wa Agosti 1248 akapanda meli, pamoja na malkia na ndugu zake. Vita vile havikumfanikia. Aliutwaa mji wa Damieta, katika Misri, mwezi wa Juni 1249, lakini mwaka uliofuata jeshi lake lilishindwa karibu na mji wa Mansura. Ndugu yake Robert aliuawa. Maradhi yakaenea kambini, mfalme mwenyewe akaugua tumbo hata hakuweza kusimama, na mwezi wa Aprili 1250 Waislamu wakamkamata pamoja na watu wake.

Ikawa lazima kulipa ukombozi. Walipatana ya kwamba mji wa Damieta urudishwe kwa ajili ya mfalme mwenyewe, na kwa ajili ya watu wake zilipwe livre 400,000, ndiyo fedha ya Ufaransa ya siku zile, nusu yake ilipwe kabla mfalme hajaondoka mtoni. Fedha ilikuwa nyingi mno, hata haikuhesabiwa kwa vidole, ila ilipimwa kwa mizani, na kila kipimo kilikuwa livre 10,000. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Ilipokwisha, bwana mmoja wa jeshi akaja kwa mfalme akicheka. Akamweleza jinsi walivyowadanganya Waislamu katika kupima, hata wamepunjwa kipimo kimoja kizima.

Mfikirie mtu aliye katika hali ile. Ameshindwa vita, ndugu yake amekufa, ametoka kifungoni, na watu wake wengi wangali mikononi mwa adui. Nani angemlaumu kama angelinyamaza tu? Mfalme alikasirika sana. Alisema kwamba ametoa ahadi ya livre 200,000, nayo itatimizwa yote, na akaamuru hizo 10,000 zilipwe kama kweli zilipunjwa. Rafiki yake, bwana Jean de Joinville, aliyekuwapo, alimkanyaga yule bwana mguu kwa siri na kusema ya kuwa ni mzaha tu. Mfalme hakukubali mzaha huo. Hakuondoka mpaka alipohakikishiwa kwamba deni lile limelipwa. Ahadi aliyompa Mwislamu ilikuwa na uzito ule ule wa ahadi aliyompa Mkristu, kwa kuwa Mungu aliyeisikia ni mmoja.

Baada ya hayo alikaa miaka minne katika Nchi Takatifu, akijenga kuta za miji na kuwakomboa wafungwa. Huko ndiko alikopata habari ya kifo cha mama yake, aliyefariki mwezi wa Novemba 1252. Akarudi Ufaransa mwaka 1254, akashuka katika bandari ya Hyères. Na hapo bandarini kulitokea jambo dogo ambalo mimi naliona kubwa kuliko vita vyake vyote.

Mfalme alikuwa akitafuta farasi wa kumfikisha kwake. Abati wa monasteri ya Cluny, iliyokuwa tajiri sana, akaja kumwamkia, akampa farasi wawili wazuri wa bei kubwa, mmoja wake na mmoja wa malkia. Kesho yake abati akarudi, akamweleza mfalme mashauri ya monasteri yake. Mfalme akamsikiliza kwa makini, tena kwa muda mrefu. Abati alipoondoka, Joinville akamwomba mfalme ruhusa ya kumwuliza neno. Akamwuliza kama alimsikiliza abati kwa wema zaidi kwa sababu ya wale farasi wawili wa jana. Mfalme akafikiri kitambo kirefu. Kisha akajibu ya kwamba ndivyo, kweli.

Mkubwa mwingine angalikasirika. Angalisema kwamba zawadi ni adabu tu, ni desturi ya wazee, na ya kuwa moyo wake haugeuki kwa farasi. Nasi kwetu twasema mkono mtupu haulambwi, na methali hiyo mtu huitumia kama ngao anapochukua matabishi mezani pa kazi yake. Ludoviko aliuchunguza moyo wake kama mtu anavyouchunguza kabla ya kuungama, akaona kwamba masikio yake yalikuwa yamenunuliwa, hata pasipo yeye kujua. Na kumbukeni kwamba abati hakuomba kitu kibaya. Pengine haki ilikuwa upande wake. Lakini mfalme alimpa muda mrefu, na muda huo maskini asiye na farasi asingeupata.

Joinville akamshauri basi, afikapo kwake, awakataze washauri wake wote walioapa wasipokee kitu cho chote kwa mtu mwenye shauri litakaloletwa mbele yao, kwa kuwa wao nao watamsikiliza kwa furaha yule aliyewapa. Mfalme akawaita washauri wake palepale, akawaeleza neno hilo, nao wakakiri kwamba ni shauri jema. Katika bandari ile ile alimsikia pia mtawa mmoja wa Mtakatifu Fransisko, jina lake Hugues, ambaye alihubiri waziwazi mbele yake kwamba falme hazipotei ila kwa kukosa haki. Mfalme alitaka sana mtawa huyo akae pamoja naye katika nyumba ya kifalme. Mtawa akakataa, akaenda zake.

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, 1254, mfalme akatoa amri kubwa kwa wakubwa wake wote. Hatuwezi kuieleza yote, maana ni ndefu, lakini yafaa mjue mambo yake makuu.

Kila mkuu wa wilaya, kabla ya kushika kazi, ilimpasa kuapa. Aliapa kumtendea haki kila mtu pasipo kupendelea, maskini kama tajiri, mgeni kama mwenyeji, na kushika desturi njema za mahali. Aliapa kutopokea dhahabu wala fedha wala kitu kingine, ila matunda, mkate au divai, visivyozidi thamani ya sou kumi kwa juma moja. Wala haikutosha yeye mwenyewe kukataa. Alipaswa kuona kwamba hawapokei mke wake, wala watoto wake, wala ndugu zake, wala watu wa nyumbani mwake. Mfalme alijua njia za panya. Alijua ya kuwa mtu akikataliwa na bwana mlangoni, atapita uani kwa bibi.

Zaidi ya hayo, mkuu wa wilaya hakuruhusiwa kununua mashamba katika wilaya yake, wala kuwaoza watoto wake kwa watu wa huko, pasipo ruhusa ya mfalme. Sababu yake yaonekana. Mtu mwenye shamba na wakwe mahali fulani, atawezaje kukata shauri la mpaka pale pale? Tena alikatazwa kuwapelekea zawadi washauri wa mfalme, au wale waliotumwa kuchunguza kazi yake. Alikatazwa kuwaweka askari wengi kupita kiasi, kwa kuwa askari asiye na kazi hujitafutia kazi. Alikatazwa kumtoza mtu faini pasipo hukumu iliyotolewa barazani mbele ya watu. Alikatazwa kuzuia nafaka isitoke wilayani pasipo sababu kubwa, na pia kucheza kamari na kuzoea vilabu vya pombe.

Mambo mawili katika amri ile ni ya kustaajabisha hata leo. La kwanza, kiapo hakikutolewa chumbani mwa mfalme. Kilitolewa hadharani, barazani, mbele ya mapadri na walei, mabwana na askari. Mfalme alieleza sababu: mtu aogope kuvunja kiapo chake, wala si kwa kumwogopa Mungu na mfalme tu, bali hata kwa haya ya watu. Mwanakijiji aliyesimama pale na kusikia kwamba mkubwa ameapa kutopokea zaidi ya mkate na matunda, siku alipodaiwa mbuzi alijua kwamba anadaiwa kinyume cha kiapo. Kama kiapo kingalikuwa siri, angalijuaje?

La pili, mkubwa akimaliza kazi yake hakuweza kufunga mizigo usiku na kukimbia. Kwa jinsi Joinville alivyoandika, alipaswa kukaa siku arobaini katika wilaya aliyoitawala, yeye mwenyewe au mtu wa kumsimamia, ili kila aliyetendewa vibaya aje kumshtaki mbele ya mkubwa mpya. Mtu akijua kwamba siku hizo arobaini zinamngojea, hutawala kwa namna nyingine. Na wachunguzi nao wakaendelea kutumwa mara kwa mara, mpaka mwisho wa maisha ya mfalme.

Mji wa Paris ulikuwa na ugonjwa wake. Kazi ya ukuu wa mji ilikuwa ikiuzwa: tajiri aliinunua kwa fedha, na aliyeinunua hana budi kuirudisha fedha yake kutoka migongoni mwa watu. Watoto na wapwa wa mkuu walifanya walivyotaka, kwa kuwa waliutegemea ujamaa wao. Maskini hakupata haki mbele ya tajiri, na wezi walijaa, hata watu wengi walihama. Mfalme akakataza kuuza kazi ile, akaiwekea mshahara mkubwa na mzuri, akatafuta katika nchi yake mtu asiyependelea. Akapatikana Étienne Boileau, akawekwa katika mwaka 1261. Joinville asema kwamba mwovu hakuweza tena kukaa Paris, na kwamba wala ujamaa, wala dhahabu, wala fedha havikumwokoa ye yote. Zingatieni habari ya mshahara. Ludoviko hakuhubiri tu juu ya uaminifu. Alihakikisha kwamba mtumishi mwaminifu anakula.

Yeye mwenyewe alijitoa asikilizwe na kusikiliza. Wakati wa jua, baada ya Misa, alikwenda katika msitu wa Vincennes, akaketi chini ya mti mkubwa, na washauri wake kandokando. Mwenye shauri alimjia pasipo kuzuiwa na bawabu. Huko Paris aliketi vivyo hivyo bustanini, mikeka ikitandikwa chini. Aliuliza kama yuko mtu mwenye shauri, na wale waliosimama waliambiwa wanyamaze ili wasikilizwe mmoja baada ya mwenziwe.

Wala hakuwapendelea wakubwa. Mwaka 1259 bwana mmoja mwenye nguvu sana, Enguerrand de Coucy, aliwakamata vijana watatu kutoka Flandre waliokuwa wakikaa katika monasteri ili wajifunze Kifaransa. Walikuwa wameingia katika msitu wake na pinde, wakifuata sungura. Akawanyonga wote watatu pasipo hukumu. Mfalme akamfunga. Mabwana wakubwa wa Ufaransa, waliokuwa jamaa zake, wakaja barazani kumtetea, na mfalme akabaki karibu peke yake. Enguerrand akataka shauri liamuliwe kwa kupigana silaha, kama ilivyokuwa desturi ya mabwana. Mfalme akakataa, kwa kuwa shauri la mnyonge haliwezi kuamuliwa kwa upanga: ni nani atakayepigana kwa ajili yake? Enguerrand hakuuawa, maana mabwana wale walisihi sana, lakini alitozwa faini kubwa mno na kuamriwa kujenga makanisa madogo ya kuwaombea marehemu Misa. Fedha ile mfalme hakuitia mfukoni mwake, ilitumiwa kwa matendo ya huruma. Hata Charles, ndugu yake wa tumbo moja, alipomfunga bwana mmoja aliyekata rufani juu ya hukumu yake, Ludoviko alimwamuru amfungue, akimkumbusha kwamba Ufaransa una mfalme mmoja tu, na kwamba udugu hauwezi kuzuia haki.

Tuliahidi kutoficha pale alipokosa. Katika miaka ya 1240, kwa amri yake, vitabu vya dini vya Wayahudi vilichomwa moto Paris, na mwaka 1269 aliwalazimisha Wayahudi kuvaa alama nguoni mwao. Aliwaadhibu watukanaji wa jina la Mungu kwa chuma cha moto, na Papa mwenyewe alimshauri apunguze ukali wake. Mfalme aliyesikiliza kila mtu chini ya mti hakuwasikiliza Wayahudi. Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika mwaka 1965, ulifundisha wazi kwamba Kanisa lachukia kila namna ya kuwatesa na kuwabagua Wayahudi. Mtu huwa mtakatifu kwa neema ya Mungu, na bado macho yake hufungwa na desturi za zamani zake. Tunampa heshima kwa yale aliyoyaona, wala hatuyafuati yale asiyoyaona.

Kazi zake nyingine tutazitaja upesi. Alijenga kanisa la ajabu Paris, la kutunzia Taji la Miiba. Alijenga nyumba ya vipofu mia tatu. Aliwalisha maskini mezani pake na kuwaosha miguu, akapenda kufanya hivyo mahali pasipoonekana na watu.

Mwaka 1270 alitoka tena kwenda vitani, ingawa Joinville alikataa kumfuata. Joinville alisema kwamba mara ya kwanza, alipokuwa ng'ambo, watumishi wa mfalme waliwaharibu watu wake na kuwafanya maskini, basi sasa atakaa awalinde. Jibu hilo laonyesha ya kuwa amri hata ikiwa njema kadiri gani yataka mtu wa kuilinda, na ya kuwa mfalme huyu aliweza kuambiwa maneno hayo na rafiki yake pasipo kumfunga.

Meli zilifika Tunisi. Joto na maji mabaya vikaleta ugonjwa wa kuhara damu. Mwanawe Jean Tristan akafa, kisha mfalme naye akalala. Alikuwa amemwachia mwanawe mkubwa Philippe maagizo yake. Alimwagiza ampende Mungu kupita vyote, aungame mara nyingi, na akisikia shauri la maskini na tajiri, ausimamie upande wa maskini mpaka ukweli ujulikane. Kama akishika kitu cha mtu mwingine, hata kilichochukuliwa na wazee wake, akirudishe bila kukawia, na awachunguze sana wakubwa wake na watu wa nyumba yake. Akaomba alazwe juu ya majivu, akafa tarehe 25 Agosti 1270, wakati wa alasiri, ndiyo saa aliyokufa Mwokozi wetu.

Kanisa halikufanya haraka. Mwaka 1282 wachunguzi wa Papa waliketi katika monasteri ya Saint-Denis, wakawaita zaidi ya watu mia tatu: mabwana, watawa, watumishi wa jikoni, wagonjwa waliosema wameponywa kaburini pake. Kila mmoja aliapa na kuulizwa juu ya mfalme, kama mfalme alivyowaulizia watu juu ya wakubwa wake. Tarehe 11 Agosti 1297, Papa Bonifasi wa nane akamtangaza kuwa mtakatifu. Joinville, ambaye alikuwa miongoni mwa mashahidi wale, alikimaliza kitabu chake katika mwaka 1309, naye ni mzee wa miaka zaidi ya themanini. Aeleza humo kwamba alimwota mfalme amesimama mbele ya kanisa dogo la nyumba yake, mwenye furaha nyingi. Joinville akamwambia katika ndoto ya kwamba atamkaribisha katika nyumba nyingine aliyo nayo kijijini. Mfalme akacheka, akajibu kwamba hana nia ya kuondoka hapo upesi. Yule mzee alipoamka, akamjengea altare mle ndani, akaweka mali ya kutosha ili Misa isomwe juu yake daima.